Kila Chakula Kinanikataa

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36, nimeolewa na nina watoto wawili. Miaka minne iliyopita niliacha nyama. Hakuna aliyenilazimisha. Nilianza kwa kupunguza, nikauona mwili umekuwa mwepesi, na nilipoijaribu tena baada ya miezi kadhaa hata harufu yake sikuipenda. Mayai nakula. Samaki nakula mara mojamoja nikiwa ugenini. Kwa hiyo siwezi kusema nimeacha kabisa vitu vya wanyama, lakini chakula changu cha kila siku ni nafaka, jamii ya kunde, mboga na matunda.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili tumbo likaanza. Nikila linajaa kama ngoma, linaunguruma mpaka naona haya mbele za watu, gesi haziishi. Siku nyingine naharisha, siku nyingine choo kinakuwa kigumu. Mtu akaniambia ni maziwa, nikaacha maziwa na kila kilichotengenezwa kwa maziwa. Nikapata nafuu kwa wiki chache, kisha yakarudi. Nikaambiwa ni ngano. Huu ni mwezi wa nane sijagusa mkate wala kitu chochote cha ngano. Baadaye nikaacha vitunguu maji na vitunguu saumu, kisha maharagwe, dengu na njegere. Karanga niliziacha zamani kwa sababu nilizila mara mbili midomo ikawasha na kuvimba, lakini hilo nimeshalizoea.

Sasa nimebaki na vitu vinane: wali, viazi, karoti, maboga, spinachi, ndizi, parachichi na mayai. Hata hivyo tumbo halijatulia. Kwa mwaka huu nimepungua kilo saba bila kutaka. Nywele zinanyonyoka, na nikipanda ngazi nahema kama mzee. Naogopa chakula, Shangazi. Nakaa mezani nikiangalia sahani na tumbo limeshaanza kuuma kabla sijatia kitu mdomoni.

Nyumbani mume wangu ananivumilia. Ila mama mkwe anaona namdharau kwa kutokula alichopika, na wifi yangu alisema mbele ya wageni kwamba ugonjwa ninajitafutia mwenyewe. Nimeanza kukataa mialiko. Kilichoniuma zaidi ni wiki iliyopita, binti yangu wa miaka tisa alipoisukuma glasi ya maziwa akasema, "Sitaki, tumbo litaniuma kama la mama." Hajawahi kuumwa na maziwa hata siku moja.

Nirudie nyama? Kuna mahali wanapima damu wanakuambia vyakula 90 vipi vinakufaa na vipi havikufai, nikapime? Na hawa wakwe zangu niwaambie nini?

Ni mimi, niliyechoka na tumbo

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale ulipopita mbio: karanga.

Umeziweka mwisho wa orodha, kama jambo dogo lililokwisha. Kwangu hilo ndilo la kwanza. Tumbo kujaa gesi linatesa na linaaibisha, lakini halikuui. Midomo kuwasha na kuvimba baada ya kula karanga ni dalili ya mzio, na mzio ni jambo jingine kabisa. Hapo kinga ya mwili wako imeichukulia protini ya karanga kama adui, na hujibu kwa haraka, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Kiasi kidogo sana kinatosha. Na kwamba mara mbili zilizopita uliishia kuvimba midomo tu hakukupi dhamana ya mara ya tatu. Hakuna awezaye kutabiri itakuwaje. Ikitokea koo linabana, kupumua kunakuwa kwa shida, sauti inakwama, ngozi inatutumka mwili mzima au unataka kuzirai, ni hospitali saa hiyohiyo, si kusubiri uone.

Kwa hiyo muone daktari anayeshughulikia mzio. Mwombe akupime na mzungumze kama unahitaji kutembea na sindano ya adrenalini, ile ya dharura ya mzio mkali. Soma maandishi ya pakiti za biskuti, sosi na vitafunio kila mara, hata vile ulivyozoea, kwa sababu watengenezaji hubadilisha viungo. Muulize pia kuhusu jamii ya korosho na lozi. Karanga kibotania ni ndugu ya maharagwe, lakini wengi wenye mzio wa karanga hula maharagwe na dengu bila tatizo. Nawe umekuwa ukivila miaka yote hiyo bila midomo kuvimba, jambo linalonipa moyo kwa yale nitakayokuambia mbele.

Unaona nilipoanzia? Una orodha ndefu ya vitu "vinavyokukataa", na vyote umevitia kapu moja: maziwa, ngano, vitunguu, maharagwe, karanga. Ukiketi kwa mama mkwe unasema hiki sili, hiki sili, na hiki pia sili. Mtu akisikia vitu kumi na viwili hakumbuki hata kimoja. Kile kimoja ambacho hakipaswi kamwe kuingia kwenye sahani yako kinapotelea humo pamoja na vitunguu. Ndiyo maana nataka tulichambue hilo kapu, kitu kimojakimoja.

Tuanze na ngano, kwa sababu hapo kuna mtego. Kuna ugonjwa unaoitwa siliaki, ambao humpata takriban mtu mmoja kati ya mia. Mwenye ugonjwa huo akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo wake mwembamba, na utumbo uliojeruhiwa hushindwa kufyonza madini na vitamini. Matokeo yake yanaweza kuwa kupungua uzito, upungufu wa damu, uchovu, tumbo kujaa, kuharisha. Soma tena barua yako uone kwa nini silipiti jambo hili. Kipimo cha damu kipo, nacho hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza mtu anapokula gluteni. Wewe una miezi minane hujaigusa. Ukipimwa leo, majibu yanaweza kutoka safi hata kama ugonjwa unao.

Ulipaswa kupima kwanza, kisha uache. Silaumu, hakuna aliyekuambia, na wengi hukosea hapohapo. Sasa kaa na daktari umweleze wazi tangu lini uliacha. Kawaida mtu hutakiwa arudie kula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki sita, ndipo apimwe. Najua kusikia hivyo kumekutia hofu. Ikiwa mwili hautastahimili, kuna kipimo cha vinasaba kisichohitaji ule ngano kwanza: kikionyesha huna vinasaba vinavyohusiana na siliaki, uwezekano wa kuwa na ugonjwa huo ni mdogo mno. Kikionyesha unavyo, bado hakijasema unaumwa, maana watu wengi wenye afya wanavyo pia.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu majibu hayo mawili yana maisha tofauti. Ukiwa na siliaki, hata makombo ya mkate kwenye kisu cha siagi yana maana, na ni kwa maisha yote. Usipokuwa nayo, pengine gluteni haina hatia kabisa. Mwaka 2018 watafiti wa Norway walichapisha jaribio la watu 59 wasio na siliaki ambao walikuwa wameacha gluteni kwa sababu waliamini inawadhuru. Walipewa vitafunio vya nafaka vilivyofanana kwa sura, kila aina kwa wiki moja, bila kuambiwa kipi kina nini: kimoja kina gluteni, kimoja kina fruktani, kimoja hakina hata moja. Fruktani ndiyo iliyowasumbua zaidi. Gluteni haikutofautiana na kile kisicho na kitu. Na fruktani ni sukari zilizoungana mnyororo, zimo ndani ya ngano. Unajua zimo wapi kwingine? Kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Huenda basi ngano na vitunguu ni shtaka moja.

Na maharagwe yana sukari zilizo ndugu wa fruktani. Maharagwe, dengu na njegere zina sukari ambazo binadamu yeyote, si wewe peke yako, hana kimeng'enya cha kuzivunja. Hupita mpaka utumbo mpana, huko bakteria huzichachua na gesi hutoka. Kwa mtu ambaye utumbo wake ni mwepesi kuhisi, gesi ileile ambayo jirani yake haioni humtia maumivu. Hakuna kinachoungua wala kuoza humo ndani. Ulipoacha nyama ulijaza nafasi yake kwa maharagwe na dengu, na vitunguu vya kuzipikia, pengine kila siku. Mwili ulibeba mwaka mmoja, kisha ukalalamika. Mimi sidhani umeugua kwa kuacha nyama. Nadhani umezidisha kundi moja la sukari.

Chuo Kikuu cha Monash cha Australia ndicho kilichounda utaratibu wa kula kwa watu wenye tatizo hili, nao una hatua tatu. Kwanza kupunguza sukari hizo kwa wiki mbili hadi sita. Pili kuvirudisha vyakula kimojakimoja kwa vipimo. Tatu kubaki na mlo mpana kadiri tumbo linavyoruhusu. Wewe bila kujua uliingia hatua ya kwanza, ukaganda hapo zaidi ya nusu mwaka. Hatua hiyo haikuundwa kwa ajili ya kuishi humo.

Tutarudisha, basi. Lakini daktari kwanza: kilo saba bila kutaka, nywele na kuhema si mambo ya kumalizwa na barua. Mwombe aangalie wingi wa damu, akiba ya chuma, vitamini B12 na tezi ya thairoidi, pamoja na hilo la siliaki. Na kama umewahi kuona damu kwenye choo, au kuamshwa usiku na kuharisha, usione haya kumwambia.

Akishakuruhusu, na akikubaliana nawe wakati gani urudie ngano, wewe anza na dengu. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Sehemu ya zile sukari huondoka na maji uliyomwaga. Hata zile za kopo ukizisuuza vizuri hupungua. Siku ya kwanza kula vijiko viwili vya chakula, siku ya pili vinne, siku ya tatu nusu kikombe. Pumzika siku mbili au tatu, andika ulivyojisikia, ndipo ujaribu kitu kingine. Ukiona vijiko vinne ni salama na nusu kikombe ni shida, hujashindwa. Umekijua kipimo chako, na vijiko vinne vya dengu kila siku ni chakula. Maharagwe mekundu yafuate baadaye, na yachemke kwelikweli: yakiwa mabichi au nusu mbichi yana sumu ya asili inayotapisha mtu yeyote, mwenye tumbo zuri na mwenye tumbo baya.

Vitunguu saumu vina njia ya mkato ninayoipenda. Fruktani huyeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga punje nzima kwenye mafuta mpaka yanukie, zitoe zote, kisha pikia mafuta hayo. Harufu inabaki, fruktani inatoka na punje. Usizitoe kwenye mchuzi ukadhani umefanya kitu kilekile, maana mchuzi una maji. Na mafuta hayo pika ya kutumia siku hiyohiyo. Yakiwekwa nje ya friji yanaweza kuotesha bakteria wa hatari sana. Majani ya kijani ya vitunguu vya majani nayo kwa kawaida hayasumbui, ni sehemu nyeupe ya chini ndiyo yenye fruktani nyingi.

Maziwa ni rahisi zaidi. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa uwezo wa kuivunja laktosi, sukari ya maziwa, baada ya utoto. Kwa hiyo kama yanakukataa, uko upande wa wengi. Ila wengi hao hao huweza kunywa kikombe kimoja pamoja na chakula bila shida kubwa. Mtindi huvumilika zaidi kwa sababu bakteria wake husaidia kuivunja laktosi, na jibini ngumu iliyokomaa haina laktosi ya kutaja. Wewe uliacha vyote vitatu kwa kosa la kimoja. Anza na nusu kikombe cha mtindi katikati ya mlo.

Kipimo cha vyakula 90 usikitolee pesa. Vingi vya aina hiyo hupima kingamwili ziitwazo IgG, ambazo huonyesha mwili umekutana na chakula fulani. Maana yake vitakavyokukataza ni vile unavyokula mara kwa mara, yaani hivyo vinane ulivyobaki navyo. Naomba sana usivipoteze hivyo.

Sasa nyama. Sioni sababu ya kuirudia kwa ajili ya tumbo. Mlo wa mboga uliopangika unamtosha mtu mzima. Tatizo la mlo wako ni vitu vinane, na ungekuwa tatizo hata kama cha tisa kingekuwa nyama. Kwa mtu wa kilo 55, protini inayohitajika kwa siku ni kama gramu 44. Yai moja lina kama gramu sita. Piga hesabu uone uko wapi. Ndiyo maana ningependa, kwa miezi hii ya kujijenga, hao samaki unaokula ugenini uwale na nyumbani, mara mbili tatu kwa wiki, ukiwa bado unawapenda. Hujavunja kiapo chochote. Wewe mwenyewe umesema hujaacha kabisa. Kama moyo hautaki, tofu ngumu, ile inayotengenezwa kwa soya, hubebeka vizuri na matumbo ya aina yako.

B12 haimo kwenye mimea. Mtu mzima huhitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku, na yai lina kama nusu mikrogramu. Ini huweka akiba ya miaka, hivyo upungufu huchelewa kujitokeza, na miaka minne ni muda wa kutosha kuwa na mashaka. Mwombe daktari akushauri vidonge. Chuma cha mimea nacho hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa na kitu chenye vitamini C, kama chungwa au pilipili hoho, na chai au kahawa isubiri saa moja baada ya mlo.

Umesema tumbo linauma kabla hujala. Sitakuambia kwamba unawaza tu. Utumbo na ubongo vina mawasiliano ya mishipa ya fahamu ya moja kwa moja, na hofu inaweza kulibana tumbo kwelikweli. Hata kwenye lile jaribio la Norway, watu waliumwa na kitafunio kisicho na kitu, na maumivu yao yalikuwa ya kweli. Kula ukiwa umekaa, taratibu, na jaribio la chakula kipya lifanye siku isiyo na haraka wala wageni. Hofu ikizidi kukubana, muombe daktari akuunganishe na mtu wa lishe na wa ushauri nasaha pia.

Binti yako asiache maziwa kwa sababu yako. Mwambie tumbo lake ni lake, na la mama ni la mama. Mezani mbele yake acha maneno "kile kibaya" na "hiki kinaniumiza", sema "leo najaribu vijiko viwili." Mtoto akuone ukionja. Na siku ya ule mtindi, mle pamoja.

Wifi yako mwache, hana analoweza kukusaidia kwa sasa. Mama mkwe nenda kwake mapema, wawili peke yenu, siku isiyo na wageni. Mwambie chakula chake hujawahi kukidharau na kwamba utabeba sahani moja ya kuongeza mezani. Kisha mwambie: "Mama, karanga zinaweza kuniua. Unga wake na mafuta yake visiingie kwenye chakula changu, wala mwiko uliozikoroga. Hayo mengine nitajipakulia mwenyewe kwa kiasi changu." Mwambie kabla sufuria haijabandikwa jikoni.